Mchanga Kwenye Dagaa

Nawasalimu katika jina la Yesu, ndugu zangu, na sifa zote ni zake yeye aliyenipa nguvu ya kusimama hapa mbele. Wengi mnanijua kwa sura tu. Mimi ni Mama Kashinje, nauza dagaa sokoni Kambarage, hapa hapa Shinyanga. Nimeomba nafasi leo niseme jinsi Mungu alivyonitoa mahali nilipokuwa.

Baba Kashinje alipokuwa hai, biashara ilikuwa yetu wawili. Yeye alikwenda Chato kuchukua mzigo ziwani, mimi nikabaki mezani kuuza. Akaugua, akalazwa, akafariki. Binti yetu ameolewa Mbeya na ana watoto wadogo. Alikuja kumzika baba yake, akarudi kwake. Nikabaki na nyumba, na baiskeli ya marehemu imeegemea ukuta wa sebuleni, maana sikuwa na moyo wa kuiondoa.

Ndugu zangu, mimi upweke niliupata katikati ya soko. Kwa kuwa sikuijua njia ya Chato, nilianza kununua dagaa kwa mfanyabiashara wa jumla anayeshusha magunia pale pale sokoni. Wenzangu wote walinunua kwake. Dagaa walikuwa wale wale, meza zimepangana, basi tukabaki kushindana kwa bei tu. Mmoja akipunguza, na mwenzake anapunguza, mpaka tukawa hatusalimiani. Mama Pendo, jirani yangu wa meza, ambaye wakati wa msiba alinipikia uji, alifika mahali akawa anageuza kiti ili anipe mgongo. Jioni nilifika nyumbani, nikabisha hodi kwa mazoea, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia. Kuna Jumapili mhudumu wa mlangoni hapa kanisani alinisalimia, sauti ikagoma kutoka. Tangu jana yake sikuwa nimesema na mtu.

Nikaamua kufunga meza. Nilimwambia Mungu nikiwa jikoni, mwiko mkononi, "Kama hakuna anayenihitaji hapa, niambie niende wapi." Sikusikia jibu. Nikasonga ugali wangu, nikala.

Haukupita muda mrefu kanisa likatangaza semina ya wajasiriamali. Mwalimu alikuwa dada mmoja muumini kutoka Kahama, Mwalimu Rehema. Kusema kweli, nilikwenda kwa sababu kungekuwa na watu. Alizungumzia kitu kinachoitwa mnyororo wa thamani. Alisema kila bidhaa hupita mikono mingi kabla ya kumfikia anayeitumia, na kila mkono ama unaiongezea thamani ama unaipunguza. Anayeifuatilia hatua kwa hatua ndiye atakayeona pale anapoweza kufanya vizuri kuliko wenzake, na wateja watamchagua hata kama bei yake si ya chini. Kisha akanigeukia.

"Mama, dagaa wako wakitoka mezani wanakwenda wapi?"

"Wananunuliwa, mwalimu."

"Na nani? Anawapikaje? Anasumbuka na nini?"

 Machozi yakanitoka pale kitini, na wala hayakuwa ya dagaa. Ni muda mrefu tangu mtu aniulize swali akasubiri jibu.

Nikaanza kuyatafuta majibu kwa Mama Doto, mteja wangu anayepikia wachimbaji wadogo wa dhahabu. Nilimwomba anipeleke kwenye banda lake kule machimboni. Alishangaa, lakini akanipeleka. Nikamwona anaosha dagaa, anamwaga maji, anaosha tena, na maji yenyewe kule yanaletwa kwa madumu. Bado chini ya beseni mchanga ulikuwepo.

"Hawa vijana wanatafuna vumbi shimoni kutwa," aliniambia, "halafu kwenye sahani wanakuta mchanga mwingine. Wanasukuma sahani, wanakwenda banda la jirani. Mimi sina shida na bei yako, Mama Kashinje. Shida yangu ni huu mchanga."

Nikapanda basi kwenda Chato, safari ambayo daima alikuwa akiifanya marehemu. Nilikaa dirishani nikiwaza kwamba haya ndiyo mashamba na vilima alivyokuwa akiviona yeye, na hakuwahi kunisimulia. Ziwani nikamkuta mama mmoja mtu mzima, mjane kama mimi, anaitwa Mama Bahati. Alikuwa anaanika dagaa chini ufukweni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini anaanika chini. Akanyoosha mgongo, akanitazama. "Nianike wapi? Ufukwe ndio nilionao. Na wanaonunua hawajawahi kulalamika."

Nikamweleza habari za beseni la Mama Doto. Akasema kwamba akipata miti na nyavu kuukuu anaweza kujenga vichanja, dagaa wakakaukia juu. Nilirudi Shinyanga, nikaiuza ile baiskeli. Siku mnunuzi anaitoa mlangoni nilijifungia chumbani. Lakini ndiyo iliyonunua miti, nyavu na turubai.

Vichanja vikasimama, na mvua ikaanza. Nilidhani nimepoteza bure ile baiskeli, kumbukumbu ya mume wangu. Nikapiga simu Chato. Mama Bahati akasema, "Waliokuwa chini wameoza. Wako nimewafunika turubai. Wamekauka, njoo uwachukue."

Mama Doto alipowatia dagaa hao kwenye beseni, alichota maji kwa kikombe akayatazama kwenye mwanga, hakuna mchanga.  Akanishika mkono. Baadaye wapishi wengine wa machimboni wakaanza kuja mezani kwangu, wakilipa bei niliyotaja, bila kubishana sana.

Asubuhi moja Mama Pendo akageuza kiti chake. "Mwangaluka, Mama Kashinje," akanisalimia kwa Kisukuma kama zamani. "Dagaa hawa unawatoa wapi?" Niliogopa kumwambia. Nikampigia Mwalimu Rehema, naye akasema, "Mwambie. Vichanja kila mtu anaweza kujenga. Wewe unamjua anayeanika na unamjua anayepika, na hao hawajengwi kwa miti." Nikamwambia. Leo mimi na Mama Pendo tunachukua mzigo pamoja kwa gari moja, na gharama ya usafiri imepungua kwetu sote.

Sitawadanganya kwamba nyumba yangu imejaa. Bado ni kimya, na jioni bado ni ndefu. Lakini Mama Bahati hunipigia kunieleza jua lilivyowaka, na mara nyingine tunamaliza habari za dagaa tukaanza kuzungumza habari za waume zetu. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa biashara. Nilimuuliza niende wapi, akanipeleka machimboni na ziwani, kwa watu waliokuwa wakinihitaji na mimi sikuwajua.

Kwa hiyo wewe uliyekaa humu peke yako, mtumaini Mungu. Inuka ukaulize, hata kama sauti inatetemeka. Na kama huna pa kuanzia, ibada ikiisha nitakuwa pale nje karibu na bomba la maji. Njoo uniambie jina lako.

Amina.