Siku Niliyopanda Juu ya Paa la Zakayo

Sifa ziwe kwa Bwana, ndugu zangu, ninyi mliopata benchi na ninyi mliobanana pale dirishani. Mzee wa kanisa amenong'ona nisirefushe maneno, maana siku hizi za hali ya hatari jua likizama askari haulizi kama umetoka kusali. Nitajaribu. Lakini mnanijua, mimi nikianza kusema kuninyamazisha ni kazi, basi mnivumilie.

Wengi wenu mnaniita Mama Rebeka. Nachuma pareto katika shamba la mzungu huko juu, njia ya Molo. Mume wangu ni Zakayo. Nasema ni mume wangu, sisemi alikuwa, na mtaona kwa nini. Tulitoka Nyanza tukiwa vijana, yeye akapata kazi ya trekta, tukapewa mahali kwenye laini za wafanyakazi. Hapo akajenga nyumba ya udongo kwa mikono yake, akakata nyasi bondeni, akaezeka. Alikuwa mtu wa kuimba akifanya kazi, na sauti yenyewe ilikuwa mbaya, jamani. Mpaka leo naitamani.

Vita vikaja, wakataka madereva. Zakayo akaandikwa, akapelekwa Nairobi, halafu Burma. Aliniacha na mimba ya Rebeka. Vita vilipokwisha wanaume walirudi, stesheni ya Nakuru ikajaa watu wakilia kwa furaha. Mimi nilisimama pale na mtoto mgongoni, kila gari la moshi lililoingia nikatazama mabehewa moja moja. Zakayo hakushuka. Niliwauliza waliokuwa naye. Mmoja akasema alimwacha hospitalini, mwingine akasema walitenganishwa kabla ya kuvuka mto. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai. Serikali nayo haikuniambia neno la kushika.

Ndugu zangu, kufiwa ni kuzito, lakini kufiwa kuna utaratibu wake. Watu wanakuja, wanalala kwenu, mnanyolewa, mnalia, kisha mnaambiwa sasa inukeni. Mimi sikunyolewa wala sikuambiwa niinuke. Nilikaa tu. Nilimtamani Zakayo mpaka mwili ukaniuma. Nilikuwa nazunguka njia ndefu kwenda kuchuma pareto ili nipite karakana ya trekta, kwa sababu shati lake lilikuwa na harufu ile ya mafuta. Nilikuwa nasimama pale navuta pumzi, na mafundi wakidhani nimekuja kuomba kitu.

Sasa sikilizeni habari ya paa. Ninyi mliotoka kwetu mnajua, lakini wengine niwaeleze. Kwetu, nyumba ya mke huezekwa na mumewe. Mwanamume mwingine akipanda juu yake, ni kama amewatangazia watu kwamba mwenyewe hayupo tena duniani, na kwamba mama huyu sasa ana mtu. Kwa hiyo paa la Zakayo sikukubali liguswe. Na nyasi ni nyasi, hazijui habari za vita. Zikaoza. Mvua ya kule juu mnaijua, na baridi yake. Ilianza kudondoka pembeni, nikaweka sufuria. Ikaja katikati, nikaweka debe. Kitanda cha Rebeka tulikihamisha kila pembe ya nyumba mpaka pembe zikatuishia. Nyapara alisema ataleta mtu wa kuezeka, nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya madhabahu. Kijana mmoja jirani, mwenye huruma tu maskini, alikuja na ngazi. Ngazi ile niliitupa mtaroni.

Na watu walinisifu! Walisema, tazameni mwanamke anavyompenda mumewe. Nami nikaamini hivyo. Niliona paa likibaki lilivyo, basi Zakayo yuko njiani.

Ndipo Mungu akaniletea Mama Peresi. Yule mama aliyekaa pale mbele, mke wa mkamua ng'ombe. Msimtazame sana, hapendi. Alianza kuja kwangu Jumapili baada ya ibada. Nilidhani amekuja kunihubiria, nikajitayarisha kukasirika. Hakuhubiri. Alikaa akaniuliza swali moja, akangoja. Nilipojibu, akauliza jingine. Anataka kujua ninafikiri nini nikiamka. Anataka kujua wiki hii ninataka kufanya nini, mimi, si Zakayo. Kisha Jumapili nyingine anauliza kama nilikifanya. Siku moja nikamwambia, "Mama, mbona wewe kazi yako ni kuuliza tu kama karani wa kodi?" Akacheka. Akasema, "Majibu unayo wewe. Mimi nitayatoa wapi?"

Lakini sikubadilika, ndugu zangu. Nilimpa chai, nikamjibu juu juu, akaenda zake.

Kisha zikaja mvua za mwezi wa nne, na Rebeka akashikwa na kichomi. Alipumua kama mtu anayevuta gunia kwenye kokoto. Mimi na Mama Peresi tulimbeba mpaka kwa dresa wa zahanati, akamchoma sindano, akakaa naye. Alipopata nafuu kidogo, yule dresa aliniuliza mtoto analala wapi. Nikamweleza. Akaninyooshea kidole akasema, "Mama, ukimrudisha kwenye nyumba ile, sitamtibu tena. Mtamzika." Mama Peresi akasema mtoto atakaa kwake. Nikamwona mwanangu akibebwa kuingia mlango usiokuwa wangu, na mimi nikarudi peke yangu nyumbani kwenye madebe yangu.

Nililia siku ile. Nilimwambia Mungu, mume umenichukulia, na sasa mtoto? Nilimwambia mambo mabaya. Asubuhi Mama Peresi alinikuta nimekaa vile vile. Hakunibembeleza. Alikaa, kisha akaniuliza, "Zakayo akiingia mlango huu leo, atamkuta nani?"

Ndugu zangu, miaka yote ile nilikuwa namwuliza Mungu Zakayo atakuja lini. Nilimwuliza nikichuma, nikipika, nikilala. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza akija atamkuta nani. Nikatazama ndani ya nyumba yangu kwa macho ya Zakayo. Nikaona mwanamke mkavu, mwenye hasira, amekaa kati ya sufuria. Nikaona kitanda cha mtoto hakina mtoto. Nikaona ataniuliza, binti yangu yuko wapi, nami nitamjibu nini? Kwamba nilimlindia paa?

Hapo ndipo Bwana alinifungua. Haikuwa sauti kutoka mbinguni. Ilikuwa sauti ya Mama Peresi ikiuliza tena, "Basi unataka kufanya nini?"

Nikasema, nataka paa. Lakini mwanamume mwingine hatapanda.

Akasema, "Sawa. Nani mwingine yumo ndani ya nyumba hii?"

Nikatazama huku na huku, nikajiona mimi tu. Nikaanza kucheka huku machozi yanatoka. Kwetu mwanamke kupanda juu ya nyumba ni aibu kubwa, haijasikika. Nikamwambia, aibu naiweza, mama. Kinachonishinda ni kaburi la mtoto.

Mvua ilipopumzika tulikwenda bondeni kukata nyasi, akina mama wa ushirika wa kanisa na mimi. Ngazi niliiomba kwa kijana yule yule ambaye ngazi yake niliitupa mtaroni, akanipa, Mungu ambariki. Nikafunga leso kiunoni, nikapanda. Watu wa laini wakatoka kutazama. Wengine wakacheka, wazee wawili wakageuka wakaenda zao. Nyapara akapaza sauti, "Mama Rebeka, kumbe leo umekubali mzee amekufa?"

Nikamjibu nikiwa juu, "Nimepanda ili akija akute nyumba."

Akaenda kuhesabu magunia yake ya pareto.

Sasa niwaambie lililonipata kule juu, maana hili sijawaambia watu wengi. Ili uezeke upya lazima utoe nyasi za zamani. Nikaanza kuzing'oa, na chini yake nikazikuta kamba za katani alizofunga Zakayo. Yale mafundo yake. Alikuwa na fundo lake la namna yake, nalijua, ndilo alilofungia hata mzigo wangu siku tuliyotoka kwetu. Nilizishika zile kamba nikamlilia mume wangu pale juu, watu wote wakinitazama, kilio nilichokuwa nimekikosa tangu siku ile ya stesheni. Hakuna aliyeniharakisha. Mama Peresi alisimama chini na mzigo wa nyasi kichwani, akangoja tu.

Nilipoinua macho nikaona laini zote kwa mara ya kwanza kutoka juu. Pareto imefunguka nyeupe mpaka kwenye miti. Watoto, kuku, moshi. Na mlangoni kwa Mama Peresi amesimama Rebeka katika blanketi, amekonda, ananitazama mimi mama yake niko juu ya nyumba. Akapunga mkono. Basi nikazikata zile kamba, nikafunga zangu.

Paa langu si zuri. Limeinama upande mmoja, na fundi yeyote akilitazama anasikitika. Lakini halivuji, na mtoto alirudi kulala kwetu. Na kwa kuwa nilikuwa nimelia, ulimi wangu ulifunguka. Zamani jina la baba yake lilikuwa halitajwi nyumbani. Sasa nilimweleza Rebeka jinsi alivyoimba vibaya, jinsi alivyoogopa vyura, mtu mzima yule. Tulicheka naye jikoni. Alikuwa amekua bila baba, na mimi nilikuwa nimemficha baba huyo.

Mama Peresi anaendelea kuuliza maswali yake. Siku hizi na mimi nimeanza kuwauliza akina mama wengine, wale ambao waume zao wamechukuliwa katika taabu za miaka hii. Siwaambii wasahau. Nani anaweza kusahau?

Wewe uliyeketi hapa leo na moyo wako uko mbali, nakuomba, mwamini Bwana kwa siku ya leo. Hakuambii uache kutamani. Mimi namtamani Zakayo hata sasa ninaposema. Lakini Bwana aliye naye huko aliko, popote, ndiye aliye nami hapa, na hapa kuna kazi. Njoo baada ya ibada tukae. Hatutakuhubiria. Tutakuuliza swali moja tu.

Rebeka, simama mwanangu, wakuone. Usione haya. Tazameni urefu ule, ndugu zangu, huo ni wa baba yake.

Basi nimemaliza, mzee, jua bado liko. Ila ninyi mnaosafiri, wenye kazi ya reli na wenye malori, mnakutana na watu wengi kuliko mimi. Mkimwona Zakayo kabla yangu, mwambieni tupo.