Shati la Mikono Mirefu

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo mama muuza mkaa, aliyekaa nyuma ya fundi cherehani na mwalimu mstaafu, hakuhitaji hata kutega sikio.

“Mateja wakusanywe wote, wafungiwe mbali na watoto wetu,” alisema mwalimu, kama mtu anayepanga madawati.

“Tuliyemzika jana alikuwa mtoto, mwalimu. Miaka kumi na saba. Alikuja kwangu na joto lote hili, akataka mashati ya shule ya mikono mirefu. Kumbe anaficha alama za sindano. Nikashona, nikanyamaza. Niliona aibu kumuuliza.”

“Ungemuuliza angekudanganya.”

“Angenidanganya, sawa. Lakini angejua kuna mtu amemwona, na bado anamwita mwanangu.”

Basi likasimama sokoni.

Mama muuza mkaa alishuka. Wiki nzima kijana wake alikuwa akimsumbua amnunulie shati la mikono mirefu, naye leo ndilo alilofuata. Mashati yalining'inia pale pale mbele yake. Hakuuliza bei. Alivuka barabara, akasimama kungoja basi la kurudi nyumbani.