Mzee Opondo Obiero na Saa ya Mkono wa Kushoto

Baba Paroko, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofunga kazi leo ili mje, kabla gari halijaanza safari ya kwenda Gem mama yetu ameniomba niwasomee maisha ya mume wake, nami ni Oluoch, mtoto wake wa pili, ambaye pengine nastahili kazi hii kidogo kuliko wote, na mtaelewa kwa nini.

Mzee Opondo Obiero alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Gem, mtoto wa nne wa marehemu Obiero na marehemu Apondi. Alianza shule mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, masomo yakaishia hapo, na mwaka 1969 akaja Eldoret kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa saa, akafunzwa miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kufungua saa ya mteja.

Tarehe 2 Juni 1972 aliweka meza yake mwenyewe kwenye baraza la duka la nguo katikati ya mji, akakaa hapo zaidi ya miaka hamsini. Alitengeneza saa za kila aina, lakini aliyoipenda ni saa otomatiki, isiyo na betri, kwa kuwa ndani yake mna kipande cha chuma cha nusu duara kinachozunguka kila mkono unaposogea, na kuzunguka huko ndiko kunakokaza springi inayoendesha mashine nzima. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba saa ya namna hiyo haiondoki mezani kwake mpaka aivae siku tatu, na ndiyo maana alikuja kanisani humu akiwa na saa tano mkononi mpaka karibu na kiwiko, wageni wakidhani ni maringo. Yake mwenyewe ilikaa chini ya zote, kwenye kifundo cha mkono wa kushoto.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu Selpha, wakajaliwa watoto watatu, Bridgit, mimi, na Apondi aliyepewa jina la nyanya. Mimi nilikalia stuli kando yake nikijifunza kazi mpaka Januari 2004, siku niliyomwambia mbele ya mteja kwamba watu sasa wanaangalia saa kwenye simu na kwamba sitaki kuzeeka barazani. Hakunigombeza. Aliweka tu chupa yake ya chai juu ya stuli yangu, nayo ikakaa hapo miaka ishirini na mmoja. Nilipata kazi ya maktaba Chepkoilel, tukasalimiana na kula Krismasi pamoja, lakini kuhusu saa hakunieleza tena jambo lolote, na hilo liliniuma.

Jumatatu tarehe 3 Februari 2025 alipata kiharusi akiwa mezani, mkono wa kushoto ukapooza. Siku ya tatu saa yake ilisimama, nami, mtoto wa fundi wa saa, nikaivua alipolala nikaipeleka kwa fundi Wakoli sokoni ikatengenezwe. Wakoli aliifungua, akaifunga, akaniuliza inavaliwa na nani. Niliporudi, Baba alinitazama sana, kisha akasema kwa ulimi mzito, "Oluoch, saa haina shida. Mkono ndio mgonjwa."

Mpaka siku hiyo alikuwa amekataa mazoezi ya mkono, na ni Mama aliyeamua saa irudi kwenye mkono uleule uliopooza, ili anayeusogeza awe anaendesha saa. Baba hakukataa tena. Mama alimfanyisha mazoezi siku za kazi, mimi wikendi, na nilipokuwa nikiuinua na kuushusha alianza kunieleza upya kinachozunguka ndani. Mwezi wa Julai vidole viwili vilisogea vyenyewe, tukaamini atarudi mezani.

Kiharusi cha pili kilimpata Jumatano tarehe 10 Septemba. Alhamisi saa moja asubuhi niliuinua mkono wake mara sitini, na saa nne na dakika tano akatutoka. Muuguzi alinikabidhi bahasha, nayo ilikuwa inagonga. Jamaa waliniambia niivae isisimame, na nilitamani sana, lakini nguvu iliyobaki ndani ilikuwa imetoka mkononi mwake, sikutaka kuichanganya na yangu. Niliiweka juu ya kitambaa nyumbani kwa Mama, hakuna aliyeigusa. Ilitembea mpaka Ijumaa saa kumi na dakika kumi na mbili jioni, ikasimama, na hapo ndipo nilipolia.

Leo Mama ameirudisha kwenye kifundo cha Baba. Barabara ya Gem ina mashimo, kwa hiyo mtakaobeba jeneza mkiisikia ikigonga msishtuke, ni safari inayoisogeza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Jeruto, mtaalamu wa viungo aliyemfanyisha mazoezi kwa uvumilivu, majirani waliopika, fundi Wakoli ambaye hakunicheka, na wafanyakazi wenzangu wa maktaba.

Wateja, saa zenu sita zimo kabatini. Nimeiondoa chupa ya chai kwenye stuli, na kuanzia Jumamosi ijayo nitakuwa hapo. Kila moja nitaivaa siku tatu kabla sijawarudishia. Mkono wako umefanya kazi ya kutosha, Baba. Sasa upumzike kwa amani.