Raba ya Fundi Felisian

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama uko dukani Nyasho, punguza kelele kidogo. Kama uko Suguti na mmejazana kwa jirani mwenye betri nzima, basi bananeni vizuri, mwenye nyumba asichoke. Leo tunamkumbuka fundi.

Jina lake Felisian Masatu. Fundi Felisian, wa gereji ile ya Nyasho, hapa Musoma. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na mmoja. Amezaliwa Suguti, amezikwa Suguti. Miaka mingine yote ameishi na magari ya watu.

Wengi mlimjua kwa jambo moja. Alikuwa anasikiliza gari kwa miguu.

Msicheke. Ujanani Felisian aliendesha mtumbwi wa injini, Mwigobero na Rukuba, Rukuba na Mwigobero, amebeba wavuvi na magunia ya dagaa. Huko ziwani upepo unapiga, maji yanapiga, abiria nao wanapigana maneno. Sikio halipati kitu. Kwa hiyo alivua viatu, akaweka nyayo kwenye mbao, na nyayo zikamwambia injini inaumwa wapi. Alipohamia kwenye magari hakubadilika. Anapanda gari la mtu peku.

Mjane wake, Mama Dafroza, mama wa Pastory, alituambia hivi: "Mimi nilidhani ni ushamba. Mwanaume mzima anavua viatu kwenye gari la bosi! Nikamwambia, baba, utatuaibisha. Akanijibu, 'Mama Pastory, kiatu ni kiziwi.'"

Wasikilizaji wapendwa, sasa turudi nyuma, mwaka themanini na tatu. Mnaukumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, na mwenye boksi la spea stoo anaogopa msako kuliko aliyeficha maiti. Kulikuwa na gari moja kubwa, jeusi, la Kijerumani, viti vya ngozi. Lilikuwa la shirika moja la umma, tusilitaje. Mkubwa wa shirika anatakiwa Mwanza kwenye mkutano, na gari limekatika raba ya propela. Kwa msiojua, propela ni kile chuma kirefu chini ya gari kinachopeleka nguvu nyuma. Katikati pana raba ya duara, nene, ya kupunguza mshtuko. Raba hiyo hakuna Musoma, hakuna Mwanza, na Dar es Salaam wanasema subiri fedha za kigeni.

Wakamwita Felisian. Akaenda Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akaomba kipande cha mkanda mchakavu wa mashine. Mkanda ule una turubai na mpira, safu kwa safu. Akaukata duara. Akatoboa matundu sita. Akaulainisha kingo kwa tupa, akaupaka oili mpaka ukang'aa. Akaufunga. Akamwambia dereva, "Hii ni ya kwenda na kurudi. Ukirudi unikumbushe, niitoe."

Dereva alikwenda, akarudi, akahamishwa Shinyanga. Felisian akasahau. Raba ya kwenda na kurudi ikabaki chini ya gari miaka saba.

Hapo shikeni vizuri, maana ndipo maneno yalipoanzia.

Mwaka themanini na nane mashirika yanauza mali zake. Gari lile likapigwa mnada, likachukuliwa na Mzee Kwangu wa Bunda, mwenye pamba na ng'ombe. Bunda nzima ilitoka kulitazama. Lakini likifika mwendo wa themanini linatetemeka. Siyo kutetemeka kwa gari la mizigo, hapana. Ni mtetemo wa chini chini, unaingia kwenye kiti, unapanda kwenye meno. Mke wa Kwangu aligoma kulipanda. Alisema linamtafuna kwa ndani.

Kwangu akalipeleka kwa fundi kijana wa pale pale Bunda, Silasi. Silasi akasema shokapu. Wakati huo mipaka imelegea, spea zinatoka Nairobi kupitia Sirari, lakini bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Kwangu akauza ng'ombe. Shokapu zikafungwa, gari linatetemeka. Silasi akasema beringi. Ng'ombe wengine wakaondoka. Linatetemeka. Matairi, linatetemeka. Maunting, zile raba zinazoshikilia injini, linatetemeka vile vile.

Siku moja ya gulio Kwangu akasimama katikati ya watu, akamwita Silasi mwizi. Akasema kijana amefunga vyuma vya zamani, vipya ameviuza. Hakuna aliyemshtaki. Haikuhitajika. Kufikia jioni hata muuza maji alikuwa anajua. Hakuna gari tena lililoingia kwa Silasi. Mchumba akarudisha barua ya posa. Silasi akafunga boksi lake la spana, akahamia Butiama, akawa anaziba pancha za baiskeli.

Mwaka wa tisini, Mzee Kwangu akalileta gari Musoma, kwa Fundi Felisian.

Gereji ya Nyasho mnaijua. Haijawahi kuwa na watu chini ya kumi, na wenye magari ni wawili. Wengine wamefuata kahawa na habari. Siku hiyo ilijaa zaidi, maana habari za gari zilishatangulia. Felisian akavua viatu. Akachukua bakuli lake la bati, akalijaza maji, akapanda na Kwangu wakashika barabara ya Bunda.

Huyu hapa Mzee Kwangu mwenyewe, anasimulia: "Aliniambia, endesha, usiongee. Akaweka bakuli mbele, chini, akatazama maji. Yametulia. Akaniambia, angalia usukani, hautikisiki, basi siyo matairi ya mbele. Kwenye mteremko akaniambia, toa gia, zima. Nikazima. Gari linashuka lenyewe na bado linatetemeka. Akasema siyo injini. Nikaumia moyo, maana maunting nilinunua kwa dume langu la kuvuta plau. Kisha akaruka kiti cha nyuma, akaweka bakuli katikati ya sakafu. Maji yakawa yanacheza, duara ndani ya duara. Akaweka nyayo pale. Nikamwona kwenye kioo amebadilika sura. Nikasema, fundi, vipi? Akasema, turudi."

Walirudi. Felisian akaingia chini ya gari. Akakaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa ameona matundu sita aliyoyatoboa kwa mkono wake. Raba yake ilikuwa imepasuka kingo mbili. Ingekatika, chuma kile kingepanda kupitia sakafu, kwenye miguu ya aliyekaa. Na alielewa jambo la pili. Silasi aliwahi kulala chini ya gari hili hili, akaitazama raba hii hii, akaipita. Ilikatwa vizuri mno. Ilifanana na ya kiwandani.

Angeweza kunyamaza. Angesema raba imechoka, alete nyingine. Kwangu angelipa, gari lingepona, jina la Felisian lingepanda. La Silasi lingebaki pale lilipo.

Mama Dafroza alikuwa ameleta ugali na sato. Anasema mumewe alitoka chini ya gari, akanawa, akala matonge matatu, akasukuma sahani. "Nikajua kuna kitu. Felisian hajawahi kusukuma sato."

Kisha akasimama. Akaita watu wote wasogee.

"Mzee Kwangu," akasema, "hiki kinachotetemeka nimekiweka mimi. Mwaka wa themanini na tatu. Ni mkanda wa pamba. Silasi hajakuibia kitu."

Mwikwabe, muuza matairi, rafiki yake wa miaka mingi, akamvuta shati. "Felisi, una kichaa? Ungenyamaza tu, mura! Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

Kwangu akatetemeka kuliko gari lake. "Fundi, unajua yule kijana nilimwitaje?"

"Najua."

"Mbele ya watu!"

"Ndiyo maana na mimi nimesema mbele ya watu."

Kabla ya jioni, habari ilishafika Bunda. Na kweli ilimgharimu. Miezi kadhaa gereji ilijaa wanywa kahawa, bila magari. Wapo waliomwita Fundi Mkanda, na watoto wake waliitwa hivyo shuleni. Hakukana, hakununa.

Raba halisi ilipofika kutoka Nairobi, aliifunga bure, akamwambia Kwangu, "Sasa tulijaribu mpaka Butiama."

Silasi leo ndiye msimamizi wa gereji ya Nyasho. Anakumbuka hivi: "Niliona lile gari jeusi linakuja. Nikasema, basi, leo wamekuja na polisi. Nilikuwa nimeshika pampu ya baiskeli, nikaing'ang'ania. Mzee Kwangu akashuka kwanza. Fundi Felisian akashuka peku, akaniambia, 'Silasi, ile raba ni yangu.' Nikamwuliza, raba gani? Akanionyesha. Nikamwambia, mzee, mimi ile nilikuwaga naisifu! Nilidhani imetoka Ujerumani. Akaanza kucheka, halafu hakucheka tena. Akasema, 'Pakia spana zako.'"

Mzee Kwangu alimrudisha Silasi Bunda siku ya gulio, akasimama pale pale, akasema aliyotakiwa kusema. Mchumba, hilo siwezi kuficha, alikuwa ameshaolewa Kisorya. Kuna vitu raba mpya hairudishi.

Tangu siku ile Felisian akaweka kopo la rangi nyekundu kwenye gereji. Kifaa chochote cha kubuni, cha kuokoa safari, lazima kipakwe tone jekundu. "Ili fundi anayefuata ajue," alisema. "Asije kulaumiwa kwa mkono wangu." Mafundi wengi aliowafundisha bado wanafanya hivyo. Ukiona tone jekundu chini ya gari lako, ujue ni alama ya Felisian hiyo.

Miaka miwili ya mwisho mikono yake ilianza kutetemeka. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa, hauponi. Mwanawe Pastory anasema siku moja alimkuta baba yake gerejini, amekaa juu ya tairi, amejipaka tone la rangi nyekundu kwenye ukucha wa kidole gumba. "Nikamwuliza, baba, hii ya nini? Akasema, 'Huu mwili ni wa kwenda na kurudi. Anayefuata ajue.'"

Waliomwosha marehemu walitaka kuikwangua rangi ile. Mama Dafroza akakataa.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Mzee Kwangu alikuja kutoka Bunda na lile gari jeusi, sasa limezeeka, ngozi ya viti imepasuka. Silasi akashika usukani. Mama Dafroza akakaa nyuma, katikati. Walipofika kwenye lami, nje ya mji, Silasi anasema alimwona kwenye kioo akiinama. Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Akaweka nyayo kwenye sakafu, akafumba macho.

Silasi akafikisha themanini, akamsubiri.

"Limetulia," mama akasema. Hakuvaa viatu tena, akaenda peku mpaka kaburini.

Kwa Mama Dafroza, kwa Pastory na ndugu zake, kwa Silasi na gereji nzima ya Nyasho, na kwa ndugu wote wa Suguti, poleni sana. Sote tumepoteza. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe Felisian Masatu.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujanyanyuka kwenye kiti, nikuombe jambo moja. Fikiri ni nini ulikifunga kwa haraka, cha kwenda na kurudi tu, ukasahau kurudi. Fikiri nani ameitwa mwizi kwa sababu yake. Butiama siyo mbali.