Kumi na Saba wa Kyimo Yu Hai

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe Ibighi, asifiwe Kyimo, asifiwe hata na sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta.

Mnajua mimi ndiye niliyeingiza rejista ya kanisa kwenye kompyuta. Nilikuwa na kiburi, sitaficha. Kila mtaa una daftari lake, na kila daftari linaanzia namba moja. Kwa hiyo kumi na saba wa Ibighi ni mtu mmoja, na kumi na saba wa Kyimo ni mwingine. Lakini programu ya msingi niliyotumia, ile ambayo watu wa dunia nzima huijenga pamoja bila malipo, ilimtambua mtu kwa namba peke yake. Nililijua hilo. Nikasema tutaona mbele ya safari.

Basi mzee wetu wa Ibighi, namba kumi na saba, akalala katika Bwana. Nikaandika namba yake, programu ikatoa jina la kumi na saba wa Kyimo, nami nikatuma tangazo la msiba bila kulisoma. Watu wakabeba mikungu ya ndizi, kuni na masufuria, wakaenda Kyimo kumlilia Bibi Atupele. Wakamkuta anachuma chai.

Ndugu zangu, kwa aibu nikasingizia mtandao. Bibi akaacha kuja kanisani, maana watu walimtazama kama mzuka. Nikamfuata shambani kumwomba akubali namba mpya.

"Mjukuu wangu," akasema, "namba yangu nilipewa siku ya ubatizo. Umeshaniua mara moja, sasa unataka na kunibatiza upya?"

Nikapiga magoti palepale kwenye chai, nikatubu uongo wangu. Niliposimama nilijua kwamba Bibi hana kosa, programu ndiyo ibadilike. Nikaanza kuiandika upya imtambue mtu kwa mtaa na namba kwa pamoja. Wasimamizi wake, watu nisiowajua hata sura, walinirudishia kazi mara nne. Zamani ningenuna. Safari hii nilirekebisha huku naimba, na mara ya tano wakaipokea! Sasa yeyote anayeitumia, popote alipo, anaipata.

Jana nilimpelekea Bibi kadi yake, namba ileile, mtaa uleule. Akacheka, akanishukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, "Ndaga fijo."

Ndugu yangu uliyechanganywa na mwingine ukadhani umesahaulika, mtumaini Mungu. Yeye hakukosei. Namshukuru, maana leo hii yule niliyetangaza msiba wake amekaa benchi la pili.

Bibi, simama wakuone.