Picha za Lukole Zilizofungiwa kwa Khalidi

Benchi la mzee Kombo limeegemea ukuta wa duka la picha la Khalidi, pale stendi ya Biharamulo, na kahawa yake chungu imemaliza kesi nyingi kuliko boma la Mjerumani. Lakini mwaka ule wa 2007, malori yakiwarudisha wakimbizi Burundi, kesi ilimkaa Khalidi mwenyewe kooni. Programu ya kutunzia picha kwenye kompyuta yake ilikuwa imekwisha muda, ikafunga kila sura aliyoipiga kambini Lukole. Ilitaka namba mpya kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza, na kampuni yenyewe ilikuwa imekufa.

— Nilisema mimi, alianza Ildefonce, mwalimu wa Nyantakara ambaye kijiwe kilimbatiza Bwana Bure. — Nilikuletea sidii ya programu huria. Ile haina wa kukufungia. Unaitumia, unaigawa, na mwenye ujuzi anaifungua aone ndani.

— Ndiyo maana tuliikataa, alisema Elick, fundi redio, Injinia wa benchi. — Nyumba isiyo na kufuli utaweka nini ndani? Wengi wape. Penye wazee haliharibiki neno.

Khalidi aliikumbuka siku ile. Desturi ya pale, anayekataa jambo hufudikiza kikombe, na vikombe vyote vilifudikizwa isipokuwa cha mwalimu. Cha kwake mwenyewe kilitangulia. Alikuwa na haraka ya kuonekana mtu wa vitu vya maana.

— Kampuni huweka mtu wake humo ndani, alisema Kombo. — Kazi yake kuhesabu siku.

— Mtu gani, mzee? alidakia Injinia. — Ni setilaiti. Ikiona sura za wakimbizi nyingi pamoja, inafunga. Sura zina soko huko. Zinavishwa watu wengine, wanapata vitambulisho.

— Basi na hawa wa bure nao nawaogopa, alisema Kombo. — Anayekupa bure anataka kukujua. Mkimbizi alipewa mahindi bure, lakini kwanza alihesabiwa.

— Programu huria haimhesabu mtu, mzee wangu.

— Bado. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingiaje, na hakuna aliyeuliza.

— Mwalimu, alisema Khalidi, na ndiyo mara yake ya kwanza kusema asubuhi ile. — Nikiiweka hiyo sidii leo, itafungua hizi?

Ildefonce alikizungusha kikombe mkononi.

— Haitafungua. Zimehifadhiwa kwa namna ya kampuni, anayeijua ni kampuni. Ingekuwa tangu mwanzo, sawa. Kwenye kamera je?

— Nilifuta. Nilitaka nafasi ya kupiga nyingine.

— Ndiyo hivyo, alisema Injinia. — Mchelea mwana kulia...

Hakuimalizia. Niyonsaba, mama mmoja wa kambini, alikuwa amesimama mbele yao, vumbi la Lukole miguuni, kitenge kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Khalidi alikuwa amemwota siku nyingi akija kudai picha, na aliogopa hasa huo utulivu wake.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Kombo.

— Khalidi, nimefuata picha ya mwanangu Bukuru. Jana nimepalilia kaburi lake. Kesho kutwa tunapakiwa, kaburi halipakiwi. Bibi yake kule Muyinga hajapata kumwona.

Khalidi alimweleza. Programu ni ya kampuni. Kampuni imekufa. Picha imo humo humo, haijapotea, ila wa kuifungua hayupo. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimtia aibu.

Niyonsaba alimsikiliza mpaka mwisho.

— Picha ulipiga wewe, alisema. — Mtoto ni wangu. Sasa nikamwombe nani?

Injinia aliangalia barabara. Kombo aliinamisha birika ammiminie mgeni, likatoka tope la machicha. Ildefonce alifudikiza kikombe chake taratibu, ingawa hapakuwa na jambo la kukataa.

Khalidi aliinuka, akaingia ndani kuiwasha tena ile mashine, ili asikae mbele yake. Niyonsaba alikaa pale alipoinuka, akasubiri.