Papa Anaclet Kalunga, Fundi wa Silaha, na Risasi Iliyobaki Chemba

Papa padri, ndugu na majirani, wenzetu Wakenya mliotoka Westville, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu Jumamosi hii ya tarehe 17 Oktoba 1998, familia imenituma mimi Barthélemy, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee njia aliyopita Papa Anaclet Kalunga hapa duniani, nami nitaisoma yote, pamoja na kile kipande ambacho baadhi ya wazee walitaka tukiruke, kwa kuwa mwenyewe aliagiza kisirukwe, na nani kati yetu aliwahi kumshinda mjomba kwa ubishi?

Marehemu alizaliwa tarehe 13 Julai 1936 mjini Albertville, ambao leo ni Kalemie, akiwa mtoto wa tatu wa Papa Onesphore, mfanyakazi wa reli, na Mama Benedicta, na jina alipewa na padri, aliyefungua kalenda yake akakuta siku ile ni ya Mtakatifu Anaclet, basi mambo yakaishia hapo. Alisoma shule ya msingi kwa mapadri kuanzia mwaka 1943 hadi 1949, akachapwa mara moja tu ya kukumbukwa, alipoifungua saa ya ukutani ya darasa ili aone kinachoisukuma, lakini aliifunga tena mwenyewe, na mwalimu akakiri kwamba tangu siku hiyo saa ilikwenda vizuri kuliko zamani. Mwaka 1950 aliingia shule ya ufundi, akahitimu Juni 1954 kama fundi wa vyuma, akaajiriwa karakana ya reli palepale Albertville, na baadaye, tarehe 1 Machi 1964, akachukuliwa na karakana ya silaha ya polisi huko Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, akakaa humo miaka ishirini na saba.

Alifunga ndoa na Mama Epiphanie tarehe 22 Agosti 1959, na Mungu akawajalia watoto wanne, Marcelline, Achille, Libère na Larissa, na sisi tuliolelewa katika nyumba ile ya Lubumbashi hatutaisahau Jumapili yake, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama, mikono inanuka mafuta ya bunduki hata baada ya sabuni mbili, redio inaimba, na mjomba, chakula kikiwa bado jikoni, anatueleza mashine zake kwa vijiko na uma. Silaha yenyewe hakuileta nyumbani hata siku moja, alisema chuma cha kazi kinalala kazini, lakini kwa vijiko vile tulijua kwamba rivolva, ile bastola yenye pipa la kuzunguka lenye matundu sita, ni mtu mkweli, ukiifungua unaona matundu yote na mwanga unapita, na kwamba iko ya zamani inayotaka kwanza uinue nyundo kwa kidole gumba, halafu triga inakuwa nyepesi mno, na iko nyingine ambayo triga yenyewe ndiyo inayoinua nyundo, nzito, safari ndefu ya kidole, na urefu ule, alisema, ni nafasi ambayo fundi amekuachia ubadili mawazo. Kisha alikuja kwenye bastola ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, bastola inayojilisha yenyewe, kila risasi ikitoka inaandaa inayofuata, na kwa nyingi kati yake risasi ya kwanza inataka nguvu na ya pili inataka pumzi tu, na nyingine hazina nyundo ya kuonekana nje, jicho haliwezi kukuambia kama iko macho au imelala. Kitufe cha usalama hakukiheshimu sana, alikiita kachuma kadogo, akasema usalama wa kweli uko kwenye kidole na kwenye upande ambao mtutu unaangalia. Jamani, tulikula wali wa baridi kwa sababu ya mafundisho yale, na leo ningetoa chochote niule tena.

Baada ya uporaji wa mwaka 1991 karakana ilifungwa, na marehemu, naye mtu mzima wa miaka hamsini na minane, alipita Kasumbalesa, Lusaka na Harare, akafika Durban tarehe 19 Novemba 1994, akaanza kwa kulinda magari kule ufukweni, eish, fundi mzima anapunga kitambaa, hadi Mei 1995 kampuni moja ya ulinzi ilipomweka stoo yake ya Queensburgh kusafisha silaha za walinzi, na siku aliposhika tena brashi na mafuta alirudi nyumbani amesimama wima, Mama Epiphanie akadhani amekunywa.

Sasa kile kipande. Mwezi Julai 1996 kampuni ilibadilisha rivolva zote na kuleta bastola za magazini, mkufunzi akafundisha kwa Kiingereza kwamba kabla ya kumpa mwenzako silaha unatoa magazini, kisha unavuta chuma cha juu nyuma na kuangalia chemba, mahali risasi inapolala nyuma ya mtutu, kwa kuwa moja inaweza kubaki pale, na walinzi wetu wa Kongo, ambao Kiingereza kilikuwa bado kinawapita pembeni, walikuja kwa mjomba kumuuliza kama hiyo kazi ya pili ni ya lazima. Marehemu alicheka, akawaambia kwa Kiswahili kwamba yeye amezishika bastola tangu wao hawajazaliwa, na bastola ikishatolewa magazini triga yake imekufa. Kwa ile ya Kibelgiji iliyotumiwa na polisi kule Kongo maneno yale yalikuwa kweli, ndani yake kuna kachuma kanachoizuia triga magazini ikitoka, na ndiyo maana polisi wa kwetu walizoea, wakati wa kukabidhiana, kutoa magazini na kubonyeza triga mbele ya mwenzao, kama heshima, aone kwamba silaha imelala. Hizi mpya za Durban hazikuwa na kachuma kale, na mjomba, aliyefungua hata saa ya padri, hii hakuifungua kuangalia.

Tarehe 6 Agosti 1996, saa kumi na mbili asubuhi, wakati wa kubadilishana zamu, Peguy, mmoja wa walinzi wale waliomuuliza, alitoa magazini, akaiweka mezani, akabonyeza triga kwa ile heshima ya nyumbani, na risasi iliyobaki chemba ikavunja goti la kushoto la mlinzi mwenzake Doudou, kijana wa Uvira asiye na ndugu hata mmoja katika mji huu. Kampuni ilimlaumu Peguy, lakini marehemu alikwenda ofisini bila kuitwa, akasema neno lile ni lake, akafukuzwa, na kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa alisimama katika ukumbi huuhuu na bastola alizochonga kwa mbao, zimekatwa ubavu ili matumbo yaonekane, akianza kila somo kwa kusema kosa lake kwa jina lake, na wapo hapa walinzi zaidi ya sitini ambao leo wanaangalia chemba kwa macho na kwa kidole kwa sababu ya aibu ya mzee huyu.

Na kila Jumamosi, kuanzia tarehe 14 Septemba 1996, alipanda taksi hadi South Beach na bakuli la sombe, kisamvu cha kwetu, ya Mama Epiphanie, akapanda ngazi hadi chumba cha Doudou, akavua kofia na kuomba msamaha, na Doudou akajibu bado, papa, kisha wakala, wakacheza dame, yaani drafti, mzee akaaga. Karibu miaka miwili, bado, papa. Sisi tulikasirika, Achille alitaka kwenda kumkamata Doudou shati, mjomba akamkataza kabisa, akasema deni la goti halina haraka.

Mwezi Februari 1998 figo zilianza kumsumbua, tarehe 21 Septemba akalazwa, na Ijumaa ya tarehe 9 Oktoba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama Epiphanie akiwa amemshika mkono, marehemu alituacha akiwa na miaka sitini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake juu ya kila mashine waliyomfunga, majirani wa Queensburgh walioleta viti na masufuria, Mwalimu Jacinta wa Westville aliyemsafirisha kwa gari lake bila kuchoka, na wenzake wa kazi, Peguy wa kwanza, aliyechimba kaburi kwa mikono yake. Tunamshukuru pia Doudou, aliyefika hospitali Jumamosi ya tarehe 10, akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya. Amekaa hapa mstari wa pili, ameniomba niseme kwa niaba yake kwamba alikuwa amemsamehe mzee tangu Krismasi ya kwanza, ila hakutamka, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa anagonga mlango wake, na aliogopa kwamba akisema ndiyo, Jumamosi inayofuata hatakuja mtu. Mama Epiphanie alipoyasikia jana alilia, kisha akamwambia kwamba mumewe alirudi kutoka South Beach kila wiki akipiga mluzi tangu kwenye geti, na mtu aliyenyimwa msamaha harudi akipiga mluzi. Kama alijua, sisi hatujui.

Pumzika kwa amani, mjomba. Doudou amesema ndiyo.